Mama amebaki na Kiswahili pekee: tutamchaguliaje nyumba ya malezi Uingereza?

BintiKibokoni ameuliza:

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Mama yetu ana umri wa miaka 81 na ameishi nasi hapa Leicester tangu mwaka 1997. Miaka minne iliyopita daktari alitueleza kwamba ana dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, inayotokana na ugonjwa wa Alzheimer. Mwanzoni alikuwa akiuliza jambo lile lile mara tano kwa saa moja, nasi tukadhani ni utu uzima tu. Sasa Kiingereza alichokitumia madukani na hospitalini kwa zaidi ya miaka ishirini kimemtoka karibu chote, na hata Kiswahili anachozungumza ni kile cha utotoni mwake Mombasa. Kila jua linapokaribia kutua huvaa buibui, huchukua mkoba na kusema anarudi kwao kwa sababu mamake anamngoja. Mwezi uliopita alitoka saa kumi alfajiri katika baridi kali, na jirani akamkuta mtaa wa tatu, miguu mitupu.

Mimi hufanya kazi mchana na mdogo wangu usiku, na tangu Ramadhani hakuna kati yetu aliyelala usiku mzima. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri amependekeza tumhamishie mama katika nyumba ya malezi yenye kitengo cha watu wenye dimensia. Mjomba wetu aliyeko Mombasa alipopata habari alisema kwamba huko ni kumtupa mzazi na kwamba tutakosa radhi zake. Neno hilo limenikaa kifuani.

Nyumba tuliyokwenda kuitazama ilikuwa na zulia jipya, bustani ya maua na ukumbi wa sinema, lakini nilipouliza ni nani atakayemfahamu mama akisema tumbo linamsokota, msimamizi alinionyesha programu ya kutafsiri katika simu. Mama hunong'ona, na meno hana. Nawaomba waliopitia jambo hili au wanaofanya kazi humo waniambie nitazame nini.

MhudumuBirmingham amejibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu, na pole sana. Nimehudumu katika nyumba za namna hiyo kwa miaka 14.

Zulia liache. Rudi pale saa kumi na moja jioni, wakati ambapo wengi wao huanza kuhangaika na kutaka kwenda kwao, na uwatazame wahudumu. Anayemwambia mzee "hapa ndipo kwako, kaa chini" humwongezea hofu. Aliyefunzwa vizuri huandamana naye ukumbini, humuuliza mamake alikuwa akipika nini, na baada ya muda utawakuta wamekaa pamoja wanakunja taulo. Uliza ni wahudumu wangapi hubaki usiku na kwa wazee wangapi, maana mchana, wageni wakiwapo, kila nyumba hupendeza. Uliza pia ni wangapi walioajiriwa pale kwa kudumu na wangapi huletwa na mawakala kwa zamu moja moja, kwa sababu mwenye dimensia huweza kusahau jina lako na bado akaizoea sauti yako na mikono yako, na mtu mgeni kila asubuhi humrudisha kwenye hofu ya siku ya kwanza.

Kilichompata mama katika lugha si kigeni kwetu. Lugha iliyojifunzwa ukubwani mara nyingi hutangulia kupotea, na ile ya utotoni hubaki. Hatari yake kubwa imo katika maumivu. Niliwahi kumhudumia mzee ambaye faili lake lilisema kwamba ni mkali, kwa kuwa alikuwa akiwapiga wahudumu kila walipomgeuza kitandani. Zilipita siku nane kabla ya bintiye kurudi kutoka safari na kutueleza kwamba baba yake alikuwa akisema nyonga inamuuma. Siku nane, nasi tulikuwa tukimgeuza kila baada ya saa chache. Kwa hiyo andikeni karatasi yenye maneno ya mama kama yeye mwenyewe anavyoyatamka, yaani naumwa, maji, choo, baridi, niache, pamoja na maana zake, na ibandikwe ndani ya mlango wa kabati lake.

Jambo jingine, ambalo familia zetu huona haya kulitaja, ni la chooni. Mwanamke aliyestanji kwa maji maisha yake yote, akipanguswa kwa karatasi na kijana wa kiume, atapigana, na kupigana huko kutaandikwa kuwa ni dalili ya ugonjwa. Hakikisheni mpango wake wa malezi unataja wahudumu wa kike pekee, kopo la maji chooni, nyama ya halali na leso ya kujifunika kichwa.

Akianza kupewa dawa za kumtuliza, ulizeni siku hiyo hiyo ni dawa gani, ya nini, na itasimamishwa lini. Ripoti ambayo Profesa Sube Banerjee aliiandikia serikali mwaka 2009 ilikadiria kwamba dawa za magonjwa ya akili walizopewa watu wenye dimensia zilikuwa zikichangia vifo vya ziada vipatavyo 1,800 kila mwaka. Mzee aliyebadilika ghafla kwa siku mbili au tatu apimwe kwanza, kwani huenda ana maambukizi ya mkojo au amefunga choo.

MwanaWaPemba amejibu:

Dada, baba yetu tulimhamisha mwaka 2021, na makosa yetu yalikuwa ya makaratasi. Hatukuandika hati ya uwakilishi, yaani ya kututeua tumwamulie mambo yake, alipokuwa bado anaelewa anachotia saini, ikatubidi kwenda mahakamani ili turuhusiwe kusimamia hata akaunti yake ya benki.

Kwa England, halmashauri inawajibika kutathmini mahitaji ya mama hata kama ana fedha, na hesabu ya mali huja baadaye. Mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia gharama zote, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 2010. Nyumba yake haihesabiwi ikiwa mwenzi wake, au jamaa mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, bado anaishi humo. Ombeni pia apimwe kama anastahili kulipiwa yote na NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, ambako kinachotazamwa ni uzito wa mahitaji ya kiafya, si jina la ugonjwa wala kipato. Ripoti za CQC, tume inayokagua nyumba za malezi England, husomwa bure, nami nawashauri msome maelezo ya ndani kuliko daraja lililoandikwa juu.

Milango ya kitengo itafungwa kwa namba za siri. Chini ya sheria ya uwezo wa kiakili ya mwaka 2005, nyumba inapaswa kuomba kibali cha halmashauri ili kumzuia mtu asiyeweza kuridhia mwenyewe, na mama atakuwa na mwakilishi anayeweza kukipinga kibali hicho. Mwakilishi huyo awe mmoja wenu.

Mkiwa bado mnatafakari, jazeni leo fomu ya polisi iitwayo Herbert Protocol, yenye picha yake na mahali anapoweza kwenda akipotea. Imepewa jina la George Herbert, askari aliyeshiriki kutua Normandy katika Vita vya Pili vya Dunia, ambaye uzeeni alipata dimensia na akafariki akiwa ametoka kuitafuta nyumba ya utotoni mwake.

MkweWaHai amejibu:

Mimi niko Kilimanjaro. Mjomba akisema haya ni maradhi ya Ulaya, mweleze kwamba hapa wilayani Hai watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakakadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wa umri huo wana dimensia. Nilimlea mama mkwe kwa miaka sita, na tuliweza kwa sababu tulikuwa watu wazima wanne ndani ya boma moja. Ninyi ni wawili, na wote mna kazi. Muulize mjomba kwa adabu ni nani Mombasa atakayeamka naye saa kumi alfajiri.

BintiKibokoni amejibu:

Mungu awalipe. Fomu ya polisi tumeijaza, na mjomba bado hajajibu swali hilo.

Jana saa kumi na moja jioni nilikwenda katika nyumba nyingine, yenye zulia lililochakaa. Kabla ya kunionyesha chumba, msimamizi aliniuliza mama hupenda kuitwaje na huamka saa ngapi. Tumekubaliana akae majuma mawili kwanza. Nilimwachia karatasi ya maneno, na mhudumu wa zamu akajaribu kutamka "naumwa" mara nne mpaka akalipata.