Ghala la dagaa Kibirizi: watu wanaficha upungufu, nianzie wapi?

Kibirizi_Mchana:
Wakuu, habari za leo. Nasimamia ghala la kukausha na kufungasha dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tuko watu 14, wengi akina mama wa chanjani, yaani wanaoanika dagaa. Mzigo ukipungua, mwenye mali anagawa hasara kwa zamu nzima. Matokeo yake hakuna anayesema ukweli: dagaa walioanza kuharibika wanafichwa chini ya gunia, na anayeumwa anakuja hivyohivyo. Nataka kuongoza watu kwa utu, ila biashara nayo isife. Nianze na lipi?

Mizani_Sawa:
Anza na mizani, hotuba baadaye. Dagaa mbichi ana maji kama asilimia 75. Kilo 100 zikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 10 zinabaki karibu kilo 28. Mkiishia asilimia 20 zinabaki 31. Hizo kilo tatu zimeondoka na jua. Mwenye mali akidai 31 huku anataka dagaa wakavu wa kusafiri, anawakata watu kwa sababu wamefanya kazi vizuri. Nao wanajifunza haraka: wanaanua mapema ili uzito utimie, mzigo unaota ukungu kwenye behewa.

Pima hivi. Chukua kilo 10 mbichi, anika peke yake kwenye chanja moja, pima tena wakikauka. Rudia siku za jua na siku za mawingu, kwa sababu kiwango cha Julai hakifai msimu wa mvua. Utapata kiwango cha chini na cha juu, kibandike ukutani. Upungufu ulio ndani ya hapo hauna wa kuulizwa. Na mbichi wapimwe wakishachujwa. Maji ya beseni yakipimwa asubuhi, jioni yanaitwa wizi. Mizani yenyewe iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Mama_Ujiji:
Mizani amesema vema. Niongeze kwamba kugawa hasara kwa zamu nzima kunavunja sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi huyo, akipewa kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, apate nafasi ya kupinga, na akubali kwa maandishi. Makato yasizidi hasara halisi wala robo ya mshahara. Zamu nzima haiwezi kuwa na kosa moja, mdogo wangu.

Usijifiche nyuma ya neno "kibarua". Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa akikufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo.

Panapoumiza zaidi ni misiba. Sheria ya Ajira inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kuuguliwa au kufiwa na mtoto, na kwa kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba, shangazi na mama mdogo hawamo, na huku hao ni wazazi. Usimwachie msimamizi aamue kwa sura ya mtu. Andikeni kanuni ya ghala: hao nao wahesabiwe, na wa kwenda mbali, kama Kibondo au Kakonko, aongezewe siku kutoka likizo yake ya mwaka.

Karani_Mkongwe:
Mnampoteza mwenzenu. Ukilegeza kamba, kila jioni kuna dagaa wanaondoka chini ya kanga.

Mizani_Sawa:
Mkuu, wanaondoka hata sasa kamba ikiwa imekazwa. Mtu anayeshinda kwenye samaki na kurudi nyumbani bila mboga atachukua. Weka kitoweo rasmi, tuseme nusu kilo ya mbichi kwa mtu, kipimwe na kuandikwa daftarini kabla ya kuanika. Kinachozidi hapo ni wizi, na wizi una njia yake: taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya kikao cha nidhamu, mtuhumiwa aje na mwenzake wa kumsaidia, aliyemkamata asiwe mwenyekiti. Kumfokea mtu mbele ya wenzake chanjani si adhabu iliyoandikwa popote.

Kibirizi_Mchana:
Nashukuru sana. Na vikao vya kuwasikiliza watu niweke lini? Wiki za giza, zisizo na mwezi, mitumbwi inashusha alfajiri, watu wamechoka.

Mama_Ujiji:
Weka kwenye mbalamwezi, dagaa wakiwa hawavuliwi. Dakika 30 zinatosha. Aanze aliyeajiriwa karibuni, wewe useme mwisho. Ukitangulia watarudia maneno yako. Chukua mambo mawili tu, na kikao kinachofuata kifunguliwe kwa majibu ya hayo mawili, hata kama jibu ni "tajiri amekataa". Ukiuliza mara mbili bila kujibu, mara ya tatu watanyamaza.

Pia jiandae na Ziwa Tanganyika kufungwa kwa uvuvi, kama 2024 lilipofungwa Mei 15 hadi Agosti 15. Kabla Aprili haijaisha bandika nani atabaki kufungasha na nani ataitwa kwanza likifunguliwa, kwa kufuata tarehe ya kuanza kazi, la sivyo ataitwa shemeji wa karani.