Kanarazu, kitto au zettai ni: lipi la kutoa ahadi kwa Kijapani?

MtuWaPangani: Wakuu, salaam. Najiandaa na mtihani wa Kijapani ngazi ya N4. Kamusi yangu ya simu inatoa "hakika" kwa maneno yote matatu: kanarazu, kitto na zettai ni. Nataka kumwandikia mama wa Kijapani aliyenialika kwamba Jumamosi nitafika bila kukosa. Nitumie lipi?

BiNargisi: Kwa ahadi, kanarazu. Ni la jambo lisilokosa, iwe kwa kanuni, mazoea au ahadi. *Asa wa kanarazu kōhī o nomu*: asubuhi hakosi kahawa. Kitto ni imani ya msemaji mwenyewe. *Kitto kuru deshō*, yaani "atakuja tu huyo", na uthibitisho huna. Ndiyo maana mara nyingi utaliona na *deshō* ("huenda") au *to omou* ("nadhani"). Kinachotuchanganya ni "lazima" yetu, maana "lazima aje" na "lazima atakuwa amefika" tunazisema kwa neno lilelile. Ya pili ndiyo kitto. Ukiandika *kitto ikimasu* ("nitakwenda" kwa kitto) hujavunja sarufi, ila mama wa watu anaweza kuhisi chembe ya "nadhani" humo.

Dogo_Mbagala: Mie zettai kila mahali. Washkaji wa Kijapani ninaocheza nao gemu hawajawahi kulalamika.

BiNargisi: Watalalamikaje na ni washkaji, mdogo wangu? Zettai lina moto, linafaa kwa marafiki. Ila nakupa haki yako kwenye ukanushi, hapo ndipo linapotawala: *zettai ni ikanai*, siendi ng'o! *Kanarazu ikanai* hakuna asemaye. Kwenye ukanushi utakutana na *kanarazushimo*, na hapo maana inageuka: *takai mono ga kanarazushimo ii to wa kagiranai*, cha ghali si lazima kiwe kizuri. Watunga mitihani wanaupenda sana mtego huu.

Fundi_Osaka: Niongeze upande wa kukubaliana na mtu, maana kazini huku ndiko kwenye shughuli. *Tashika ni* ni "kweli, hilo nakubali", na mara nyingi hufuatwa na *demo*, kwa hiyo ukilisikia usishangilie mapema, "lakini" iko njiani. Ukiondoa *ni*, uhakika unapungua: *tashika kayōbi desu*, kama sikosei ni Jumanne. Silabi moja tu!

*Naruhodo*, yaani "kumbe, nimeelewa", mwambie mwenzio. Kwa bosi, wengine huona kama unampa maksi. Salama ni *ossharu tōri desu*, "ni kama usemavyo". *Mochiron*, "bila shaka", nalo angalia. Mtu akiomba ruhusa, *mochiron desu* inapendeza. Mkubwa akikueleza jambo ukamjibu *mochiron*, unaonekana ulishalijua kabla yake.

Dogo_Mbagala: Na *hai*, "ndiyo" yao? Kuna jamaa kwenye simu aliniitikia *hai, hai* mwanzo mwisho, halafu akakataa.

Fundi_Osaka: Hakukubali chochote huyo, alikuwa anaitikia tu kwamba anakusikia, kama "enhe" yetu hadithi inapoendelea. Subiri kitenzi cha mwisho.

MtuWaPangani: Asanteni sana. Basi naandika *Doyōbi ni kanarazu ikimasu*. Iko sawa?

BiNargisi: Sawa, ila kwa mama mtu mzima badilisha kitenzi, kiwe cha unyenyekevu: *Doyōbi ni kanarazu ukagaimasu*. Na saa uitaje.