Salfeti mbili za vipande vya vitambaa: nishone blanketi kwa mkono, kwa cherehani, au nimpe fundi?

Mama Doto Buzuruga
Mwangaluka wadau. Nina salfeti mbili za mabaki ya vitambaa. Dada yangu ni fundi nguo, kila akikata ananiwekea vipande. Sasa nataka nitengeneze blanketi la vipande, lile la viraka vilivyounganishwa, juu kitenge, chini bitana, katikati kitu cha kuleta joto. Nimebaki njia panda: nishone mwenyewe kwa mkono, niazime cherehani ya kukanyaga ya jirani, au nimpelekee fundi amalize kazi? Na katikati kipi bora, blanketi kuukuu, sponji au pamba? Muda umenibana, nataka nianze wiki hii. Nawasilisha.

FundiChuma
Mama Doto, umeuliza nusu swali. Vipande vya nini? Kitenge cha pamba, kile cha polista kinachoteleza, satini, jinzi? Kitanda futi ngapi? La kujifunika au la kutandika wageni wakija? Hayo ndiyo yanayoamua, mkono na cherehani vinafuata baadaye.

Nyakato4
Na huyo dada fundi mbona hashoni yeye? 😂

Bi Mkubwa Kirumba
Mimi sina maswali mengi. Shona kwa mkono, mwanangu. Chukua boksi gumu, kata kipimo cha inchi sita kwa sita, kila kipande kichore kwa chaki upande wa nyuma kisha ukate. Ukiacha nusu inchi ya mshono kila upande, kinabaki cha inchi tano. Kitanda cha tano kwa sita, ukitaka lishuke kidogo pembeni, ni upana wa inchi 80 na urefu wa 90. Hivyo ni vipande 16 kwa 18, jumla 288. Usiogope hesabu. Shona mstari mmoja mmoja jioni ukisikiliza taarifa ya habari, mistari ikiisha ndipo uiunganishe.

Jambo ambalo watu wanaliruka: piga pasi kila mstari kabla ya kuuunganisha na mwenzake. Mstari wa kwanza mishono yote ilaze kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia tena. Ukifanya hivyo, pale pembe nne zinapokutana panalala bapa. Usipofanya, kila makutano panatoka kinundu, na ukilala unakisikia ubavuni.

FundiChuma
Bi Mkubwa, heshima yako ipo palepale, lakini vipande 288 kwa mkono na mtu kasema muda umembana? Cherehani ya kukanyaga inashona mistari yote hiyo kwa siku chache. Sindano namba 14 kwa kitenge, ukikutana na jinzi weka 16, la sivyo unazivunja moja baada ya nyingine na kichwa cha cherehani kinaanza kulia. Mkono uutumie mwisho, kwenye pindo.

Bi Mkubwa Kirumba
Mshono wa mkono ukikatika unakatika sehemu moja, unaurudia. Wa cherehani ya kuazima ambayo uzi wa chini umelegea, ukivuta kidogo unafumuka wote. Mimi la kwangu lina wajukuu sasa.

Ng'osha wa Kwimba
Kwa nini mnahangaika na sponji wakati tunakaa kwenye pamba? Huku Kwimba, Magu, Misungwi, ukivuka Simiyu, ni pamba tupu. Tafuta kilo kadhaa, jaza, basi. Pamba ni asili, inapumua, haina jasho. Wazungu wenyewe wanaweka pamba.

FundiChuma
Ng'osha, hiyo ya shambani ina mbegu. Mbegu ina mafuta, itakuwekea madoa kwenye kitambaa na panya watakuja kukusaidia kulala. Lazima iwe imechambuliwa, kisha ichanwe na kutandazwa iwe tabaka moja la unene sawa. Hata hapo, usipopitisha mishono katikati kila baada ya inchi nne hivi, ukifua mara moja tu inajikusanya mabonge. Sufi ndiyo usiiguse kabisa, hiyo iache kwenye mito.

Ng'osha wa Kwimba
Sufi sijataja mimi, usinilishe maneno.

Shangazi wa Nansio
Naomba niongee kwa uchungu kidogo, maana hii mada imenigusa pabaya.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na vipande vyangu vizuri, vingi ni vitenge vya sare: harusi, kwaya, 8 Machi, mnajua wenyewe Siku ya Wanawake inavyotuachia vipande. Nikavuka navyo kwa meli hadi Mwanza, nikampa fundi mmoja, sitamtaja. Nikamwambia katikati weka blanketi langu hili kuukuu, safi, nimelifua. Akasema sawa mama, njoo baada ya wiki mbili. Baada ya wiki mbili hayupo. Nikarudi Ukerewe mikono mitupu, nauli imekwenda. Niliporudi mara nyingine nikalikuta, limekunjwa vizuri, kwa macho linapendeza mno.

Kufika nyumbani nalitandika, naona linabonyea kama mkate wa mofa. Nikafumua kidogo pembeni. Ndani si blanketi langu. Ni sponji za kuchanachana, zile za mabaki ya magodoro. Juu kachanganya vitenge vyangu na satini ambayo hata sikumpa, na jinzi katikati. Nikasema haya, tuvumilie. Siku ya kulifua ndipo nilipojua nimepewa nini. Likishalowa, kulitoa kwenye beseni tulikuwa watu watatu. Tukalianika juu ya mawe kule ziwani, jua la saa sita, hadi jioni bado linavuja. Siku ya pili juu limekauka, ukibana unasikia maji ndani. Likaanza kunuka uvundo ule wa kitambaa kilichofungiwa. Na kwa kuwa alikuwa kashona pembeni tu bila kupitisha hata mshono mmoja katikati, sponji yote ilihamia kona moja. Kona tatu ni kitambaa kitupu, kona ya nne ni mto. Nikajaribu kulipiga pasi lipate kukauka, satini ikaganda kwenye pasi.

Nikambebea fundi wake. Unajua alichoniambia? "Mama, kwani umelifua? Hilo si la kufua."

Blanketi langu sikuliona tena. Kwa hiyo Mama Doto, ukiamua kwenda kwa fundi, kaa hapo hapo mpaka aweke cha katikati ukiona kwa macho yako.

Nyakato4
"Hilo si la kufua" 😂😂😂 Pole shangazi, nimecheka lakini nimeumia.

FundiChuma
Mafundi wa namna hiyo ndio wanaotuharibia jina. Mimi nikipokea kitambaa cha mtu naandika kwenye daftari.

Mama Doto Buzuruga
Pole sana shangazi. Naomba radhi nilikuwa natafuta network. Kujibu: vipande vingi ni vitenge vya pamba, jinzi zipo kidogo, satini zipo za sare za harusi. Dada yuko Geita, ana kazi nyingi, ananitumia vipande kwenye basi. Na blanketi lenyewe ni la kijana wangu, kapangiwa kidato cha tano Njombe, anaripoti Julai. Kitanda ni cha bweni, dabo deka.

FundiChuma
Mama! Hayo si ndiyo ungeanza nayo? Njombe na Julai! Huko asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole. Na kitanda ni futi mbili na nusu, tunapiga hesabu ya tano kwa sita tangu jana.

Bi Mkubwa Kirumba
Basi kazi imepungua. Upana inchi 50, urefu 80, vipande 10 kwa 16. Ni 160 tu. Kwa mkono unamaliza.

FundiChuma
Kwa cherehani unamaliza mapema zaidi na unapata muda wa kumnunulia viatu.

Nyakato4
Subirini kwanza. Kama kuna Doto, Kulwa yuko wapi? Au mnataka kushona moja wagawane? 😂

Mama Doto Buzuruga
Kulwa kapangiwa Tabora. Huko ni joto, shuka linamtosha.

Mnyamwezi Halisi
Nani kakwambia? Tabora mwezi wa sita na wa saba alfajiri kuna baridi ya kukunja mtu. Mshonee na Kulwa, usilete ubaguzi kwa mapacha.

Ng'osha wa Kwimba
Baridi ya Tabora unaiita baridi? Nenda Makete.

Mzuka wa Ziwa
Nimesoma kimya, niongeze njia ya nne ambayo hamjaitaja. Kuna watu wanaitwa Wasidi, wako India, jimbo la Karnataka, asili yao Afrika, wengi walitokea upande huu wa mashariki. Wanawake wao wanashona mablanketi ya nguo kuukuu yanaitwa kawandi. Hawakati miraba, hawapimi kwa boksi. Wanatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanza kona moja, wanakunja ukingo wa kiraka, wanakilaza na kukipiga bandi ndogo ndogo kwa mkono. Wanazunguka pembeni kote, wakifika walipoanzia wanaingia ndani, wanazunguka tena, hadi wanakutana katikati. Kila kiraka kinapanda kidogo juu ya mwenzake. Bandi hizo ndizo zinazoshika tabaka zote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna cha kuhamia kona kama la shangazi. Vipande vyenye umbo la ajabu vya fundi, zile pembe za shingo na kwapa, vyote vinatumika.

Mama Doto, ukiweka khanga mbili za zamani chini na blanketi kuukuu katikati, njia hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Wiki ya kwanza unaweza usione tofauti, ila mkono ukishazoea unakwenda.

Bi Mkubwa Kirumba
Hii nimeipenda. Lakini mwanangu, bandi kupita kitenge, blanketi na khanga mbili inataka sindano ndefu na subana, kile kikofia cha kukinga kidole, kwenye kidole cha kati, la sivyo atashona kwa damu. Na jinzi aziweke kando kabisa.

FundiChuma
Njia nzuri kwa mwenye mwaka mzima. Yeye ana hadi Julai.

Mzuka wa Ziwa
FundiChuma kaka, wewe una cherehani ya kuuza au?

FundiChuma
Ninayo moja, lakini haihusiani 😅

Nyakato4
Tumekujua sasa.

Dada Igoma
Jamani kabla ya kukata, afue vipande vyote. Kitenge kipya kinarudi kikifuliwa. Ukichanganya kilichorudi na ambacho hakijarudi, ukifua blanketi linajikunja viraka viraka. Na vyekundu aviloweke kwenye chumvi usiku mzima rangi ishike.

Mzuka wa Ziwa
Ya chumvi hapana. Chumvi inasaidia wakati wa kutia rangi, kule kwenye pipa la rangi. Kitambaa kikishatoka kiwandani, chumvi haifungi kitu.

Dada Igoma
Mama yangu amefanya hivyo maisha yake yote na vitenge vyake havijawahi kuchuja.

Mzuka wa Ziwa
Havikuchuja kwa sababu vilikuwa vizuri tangu mwanzo. Jaribu hivi: loweka kipande chekundu kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni pamoja na kitambaa cheupe. Cheupe kikibadilika, fua tena hadi maji yawe safi. Kikikataa, hicho kitupe nje ya mradi. Batiki hasa ziangalie, ndizo zinazochuja sana.

Dada Igoma
Na hiyo sabuni si ndiyo inayotoa rangi?

Mzuka wa Ziwa
Bora itoke kwenye beseni kuliko itokee kwenye shati jeupe la shule.

Ng'osha wa Kwimba
Swali dogo: fomu ya kujiunga inasemaje? Shule nyingine wanataka rangi fulani. Mtoto anafika getini na maua na tausi na picha ya mgombea wa udiwani mgongoni, anarudishwa.

Mama Doto Buzuruga
Fomu inasema shuka mbili za bluu na blanketi moja zito. Rangi ya blanketi haijatajwa.

Nyakato4
Wenzake watamcheka siku ya kwanza.

Shangazi wa Nansio
Wacheke. Blanketi la dukani bwenini linaibwa, yako mia yanayofanana, utalijuaje? La vipande hakuna atakayethubutu. Atalificha wapi? Kipande cha sare ya harusi ya shangazi yake kinajulikana hata gizani.

Nyakato4
Shangazi umenimaliza. Kwa hiyo picha ya mgombea iwekwe au isiwekwe?

Bi Mkubwa Kirumba
Iwekwe upande wa chini, miguuni.

Mnyamwezi Halisi
Na Kulwa je?

Mama Doto Buzuruga
Nimewasoma wote. Leo nimefungua salfeti ya kwanza, nimetenga satini na jinzi, vitenge nimevianika. Cherehani ya jirani nimeiona, mkanda umechakaa, kwa hiyo sijaamua. Blanketi kuukuu ninalo moja tu. Kulwa kaona, ameshauliza la kwake liko wapi.

Mnyamwezi Halisi
Si nilisema?

Dada Igoma
Hizo satini ulizotenga, kama huzihitaji, niko Igoma stendi. Naweza kuzipitia Jumamosi?

FundiChuma
Mkanda wa cherehani unapatikana mitaa ya Makoroboi, peleka wa zamani wapime nao. Au nipigie.