Nilimdanganya mgonjwa kuhusu sauti anazozisikia, na mama yake anaomba dawa ziwekwe kwenye uji: naomba ushauri

Mwanafunzi_Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu wa stashahada, na kwa sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo katika wodi ya afya ya akili ya hospitali moja mkoani Mtwara. Habari za mgonjwa nitakazozieleza nimezibadilisha kidogo ili asitambulike.

Ni mkulima wa korosho, mtu wa makamo, ambaye husikia watu wawili wakimsema vibaya, hasa jioni. Siku yangu ya nne wodini alinishika mkono akitetemeka, akaniuliza, "Nesi, na wewe unawasikia?" Nilimwonea huruma, nikajibu kwamba nawasikia. Alitulia papo hapo, nami nikadhani nimefanya vizuri. Tangu siku hiyo ananitaka niwafukuze watu hao, anawalaumu wauguzi wengine kwamba wanamficha jambo ambalo mimi nimelikiri, na juzi alikataa vidonge akisema hawezi kunywa dawa kwa ajili ya kitu ambacho hata nesi anakisikia.

Jambo la pili ni la mama yake, ambaye humletea uji kila asubuhi. Ameniomba kwa siri nisage vidonge ili avichanganye kwenye uji huo. Ni mtu mzima, anatoka mbali, amechoka, na sikuweza kumkatalia usoni, nilimwambia nitafikiri. Bado sijamweleza mkufunzi wangu.

Muuguzi_Mstaafu_Masasi

Marahaba, mwanangu. Nimeuguza wagonjwa wa akili kwa miaka mingi, na kosa lako nimeliona kwa wengi wenye huruma, lakini ni kosa, na matunda yake umeyaona. Mgonjwa mwenye maruweruwe anapokuuliza kama unasikia, anatafuta mtu wa kumsaidia kujua lipi liko nje na lipi liko ndani yake. Ukikubali, umemwongezea giza. Ukimbishia na kumwambia hakuna sauti yoyote, umemfanya mwongo, ilhali yeye anasikia kweli. Mwambie hivi: "Mimi siwasikii, lakini naamini wewe unawasikia, na naona wanakutisha." Kisha ishughulikie hofu yenyewe. Kaa naye, zungumza naye mambo yanayoonekana na kushikika, na kama jioni ndiyo saa yake mbaya, mtafutie kazi ya mikono kabla jua halijazama.

Kuna swali ambalo sioni kama uliliuliza, nalo kwangu ndilo la kwanza: je, watu hao humwamuru afanye jambo lolote? Kusemwa vibaya ni tofauti na kuamriwa kujidhuru au kumdhuru mwingine. Muulize waziwazi, kwa utulivu, kwa maana kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Akikiri, hata akikusihi usimwambie mtu, lazima timu inayomhudumia ijue siku hiyo hiyo. Ndiyo maana hatumwahidi mgonjwa kwamba analotuambia litabaki kwetu peke yetu. Tunamwahidi kwamba halitatoka nje ya wanaomtibu.

Kuhusu vidonge, kabla hujamhesabu kuwa mkaidi, mtazame vizuri. Shingo imekakamaa? Ulimi umekuwa mzito? Akikaa, miguu inatulia? Haloperidol, dawa ya kupunguza sauti na maruweruwe, na dawa za jamii yake zinaweza kuleta maudhi hayo, hasa siku za mwanzo au dozi inapoongezwa, nayo yana tiba. Nimeona wagonjwa wakiitwa wakorofi, kumbe walikuwa wanaikimbia shingo iliyopinda.

Kaka_wa_Nachingwea

Dada, mimi si mtaalamu, lakini la uji ninalijua. Mdogo wangu aliugua hivyo hivyo, na nyumbani tulimchanganyia dawa bila yeye kujua. Siku alipoonja uchungu chini ya kikombe, aliacha kula chochote kilichopikwa kwetu kwa zaidi ya mwezi. Tayari alikuwa akiamini kwamba watu wanataka kumtilia sumu, nasi kwa mikono yetu tukampa ushahidi. Leo anachoma sindano ya kila mwezi kwa ridhaa yake mwenyewe, na msimu wa korosho ukikaribia tunapanga tarehe mapema, kwa sababu wakati huo sote tunahamia shambani. Huyo mama haombi kwa ubaya. Mkalishe chini umsikilize kwanza.

Mwanafunzi_Mikindani

Asanteni sana. Nimekaa na mama huyo leo. Anasema pia kwamba mwanawe alirogwa baada ya malipo ya korosho. Je, nimpinge?

Mkufunzi_Lindi

Usimpinge, wala usimkubalie. Muulize wamekwisha kumpeleka wapi na amepewa dawa gani za asili, kwa kuwa daktari anahitaji kujua kila anachokunywa.

La uji limalize kwa kumweleza ukweli kwamba huwezi. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na hata mtu anapolazwa bila hiari yake, uamuzi wa kumpa dawa ambayo ameikataa haufanywi na mwanafunzi pamoja na mzazi kwenye korido. Ni wa timu ikiongozwa na daktari, na huandikwa kwenye faili. Nenda kwa mkufunzi wako kesho asubuhi, ukianza na uongo wako mwenyewe.

Nakuongezea jambo ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa una hatua zake, na hatua ya kuagana nayo ni sehemu ya tiba. Wewe utaondoka baada ya majuma machache. Mgonjwa anayekung'ang'ania anapaswa kuijua tarehe hiyo sasa, asije akaamka asubuhi akaambiwa kuwa umeshaondoka.

Mwanafunzi_Mikindani

Narudi kuwapa mrejesho. Mkufunzi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa nami nilipozungumza na mgonjwa. Nilimwambia kwamba sikuwahi kuwasikia watu wale, na kwamba nilisema vile kwa sababu nilimwona anaogopa. Aliuliza, "Kwa hiyo ulinidanganya?" Nikajibu ndiyo, nikamwomba radhi. Hakuzungumza nami mchana kutwa. Nilipomuuliza kuhusu amri alisema hakuna, wanamtukana tu. Shingo yake kweli ilikuwa imekaza. Daktari ameandika dawa ya kuilegeza na amepunguza dozi ya vidonge vyake, na mama yake alikuwepo wakati anaelezwa.

Jioni aliniita, akaniuliza kama kesho nipo. Nilimwambia nipo hadi Ijumaa ya juma lijalo. Akanitaka niiandike tarehe hiyo kwenye karatasi, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati.