Saint Lucia imetoa aje Nobel mbili na dhahabu ya mita 100?

Jirani_Umoja2
Wasee habari za jioni. Tangu Julien Alfred ashinde mita 100 kule Paris 2024 nimekuwa nikisomasoma kuhusu nchi yao, Saint Lucia, kule Karibiani. Kisiwa chote ni kilomita mraba 617 hivi, kaunti yetu ya Nairobi ni kubwa kushinda, na watu hawafiki laki mbili. Sasa Nobel mbili wametoa aje? Arthur Lewis uchumi 1979, Derek Walcott fasihi 1992. Anayejua hii historia anieleze tafadhali.

Mwalimu_Kayole
Swali zuri ndugu yangu, na huyo Lewis nampenda sana. Babake alikufa Lewis akiwa na miaka saba, mamake akalea wavulana watano pekee yake. Shule alimaliza na miaka 14 akawa karani wa serikali juu alikuwa mdogo sana kufanya mtihani wa skolashipu. Alitaka kuwa injinia lakini mkoloni hakuwa anaajiri injinia mweusi, wenye mashamba ya miwa vilevile, ndio akaenda London kusoma biashara. Ile nadharia yake ya 1954 unaiona kila asubuhi Jogoo Road: watu wametoka shamba kwenye mikono ni mingi kuliko kazi, wanaingia viwandani kwa mshahara mdogo, faida inarudi kununua mashine na kuajiri wengine. Hapo kwa faida kurudi ndio kwetu kunakwama, maoni yangu. Baadaye alikuwa mshauri wa Nkrumah wa Ghana wa mambo ya uchumi.

Binti_wa_Pangani
Niongezee, Lewis na Walcott walisoma shule moja, St Mary's College pale Castries, mji mkuu, na wote wamezaliwa Januari 23, mmoja 1915 mwingine 1930. Waingereza na Wafaransa walipigania hicho kisiwa kikabadilisha mikono mara 14 mpaka Uingereza ikakichukua kabisa 1814, ndio maana Kiingereza ni cha ofisini na nyumbani watu wanaongea Kwéyòl yenye Kifaransa ndani. Uhuru walipata Februari 22, 1979, kufika Oktoba Lewis akapewa Nobel. Hebu fikiria hiyo furaha.

Kocha_Eastlands
Na milima jamani! Pale Soufrière kuna Pitons mbili, mabaki ya volkano yamesimama wima kando ya bahari, kila moja imepita mita 700, UNESCO iliziorodhesha 2004. Karibu na hapo kuna matope yanachemka kama yale maji ya moto ya Ziwa Bogoria.
Lakini kwa Alfred tusisahau, alikuwa anakimbia bila viatu na yunifomu ya shule, ikabidi ahamie Jamaika na miaka 14 kisha Texas kwa chuo. Kipaji kilikuwa nyumbani, uwanja ndio haukuwa, na huku Eastlands naona watoto wa hivyo kila Jumamosi wakikimbilia barabarani. Alishinda kwa 10.72 na uwanja umelowa mvua, medali ya kwanza kabisa ya nchi yao kwa Olimpiki, halafu akaongeza medali ya fedha ya mita 200. @Jirani_Umoja2 tafuta hiyo fainali uangalie mita 30 za kwanza, amewaacha mapema sana.