Naomba ushauri: methodi ya klasi mtoto kurudisha aina tofauti na ya klasi mama

Wakuu, habari za kazi. Naandika programu kwa lugha ya Java, na kuna kitu kinanichanganya.

Klasi mama Banda, ambayo klasi mtoto huirithi, ina methodi (kazi inayoitwa kwa jina) toa() inayorudisha Mnyama. Kwenye klasi mtoto BandaLaPaka nimeiandika upya irudishe Paka, na kompaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) imekubali bila kelele. Hapo naelewa: kila Paka ni Mnyama, kwa hiyo anayeita kupitia Banda hapunjwi kitu. Nasikia ruhusa hii ilikuja na Java 5 mwaka 2004.

Shida ni methodi mbili nyingine. Ya kwanza inarudisha long (aina ya namba nzima kubwa). Nikaandika upya irudishe int (aina ya namba nzima ndogo zaidi), kompaila ikagoma. Si int inaingia ndani ya long vizuri tu? Ya pili ndiyo imeninyima usingizi: mama anarudisha orodha ya Mnyama, List<Mnyama>, mtoto nikampa List<Paka>. Imekataa kabisa!

Nimejaribu kumbadilisha mama arudishe orodha ya Mnyama au aina yoyote iliyo chini yake, List<? extends Mnyama> na ikapita, ila sasa anayeipokea hawezi kuongeza mnyama kwenye orodha. Niiache hivyo, au Banda lenyewe lipewe aina ya mnyama wake kama kigezo, liwe Banda<T extends Mnyama>? Waliowahi kupita hapa, mlichagua njia ipi?