Binti yangu anauza biskuti za skauti mlangoni, ndani duka linauza zinazofanana kwa nusu bei. Ni haki?

Mama Salma (Ohio):
Habari za Jumapili, ndugu zangu wa Marekani. Naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Binti yangu ana miaka tisa, huu mwaka wake wa pili kwenye skauti wa kike. Jana tumesimama nje ya supamaketi moja saa tatu nzima, baridi inapenya hadi kwenye soksi, anauza Thin Mints, zile biskuti zao za minti zenye chokoleti, pamoja na wenzake. Boksi dola 6. Kila anayepita anamsalimia, akikataliwa anasema asante. Akatoka dada mmoja wa jumuiya yetu, simtaji. Kwenye mfuko wake zinaonekana pakiti mbili za biskuti za minti zenye jina la duka. Duara lile lile, chokoleti ile ile, hata boksi ni la kijani. Hazifiki dola 3. Salma akaziangalia, akaniuliza, "Mama, zile si zetu?" Nikakosa la kumwambia.

Swali langu: ni haki duka likuruhusu kusimama mlangoni pake, kisha ndani liuze feki ya kitu kile kile unachouza? Watoto hawa wana msimu mmoja tu, kama Januari hadi Aprili. Duka lina mwaka mzima.

Mkata Bei (Dallas):
Pole kwa baridi, dada. Ila hilo neno "feki" lirudishe ulikolitoa. Feki ni dawa isiyotibu. Feki ni betri inayokufa siku ya pili. Mimi nina watoto wanne, na nyumbani kwangu unga, maziwa, sabuni, nepi, vyote ni vya jina la duka. Wamekua, wana afya, mkubwa yuko chuo. Sasa unaniambia miaka yote hii nimewalisha feki?

Mama Salma:
Kaka, watoto wako sijawataja. Nimezungumzia biskuti.

Mkata Bei:
Umetaja feki. Anayenunua feki ni nani kama si sisi?

Msoma Sheria (Maryland):
Kwa haraka tu, maana naona mnaanza kupandishana. Kinachomilikiwa hapa ni jina. Huwezi kuandika Thin Mints au Samoas, zile zao za nazi na karameli, kwenye boksi lako, na ile nembo ya majani matatu ni yao. Lakini kupaka chokoleti biskuti ya minti hakuna mwenye hati yake. Mwaka 2009 Walmart walitoa za kwao za minti na za siagi ya karanga chini ya jina Great Value, na makelele yalikuwa mengi, kina mama wakaapa hawatakanyaga tena pale. Leo maduka ya Aldi wanazo kwa jina lao la Benton's, na hakuna anayeshangaa. Majina ndiyo maskauti wanayoyapigania: mwaka 2018 waliwashtaki hata skauti wa kiume kwa kulitumia neno "Scouts" peke yake, na 2022 wakashindwa.

Mama Salma:
Mimi nimeuliza kuhusu haki. Mahakama sikuitaja.

Mtu wa Bukavu (Louisville):
Dada, mimi natumika kwa kiwanda kimoja cha mikate, jina lake nitaacha. Asubuhi tunafunga mkate kwa mfuko wenye jina unalolijua. Saa nane tunabadilisha mifuko, tunafunga kwa jina la duka. Wakati mwingine unga ni ule ule, wakati mwingine wanapunguza kitu. Duka halina tanuri. Linaagiza tu.

Na hawa maskauti pia hawana tanuri. Tangu 1936 walianza kutoa leseni kwa viwanda viwaokee. Leo ni viwanda viwili: ABC Bakers na Little Brownie Bakers, huyu wa pili ni wa hapa kwetu Louisville. Kila kimoja kina majina yake, ndiyo maana biskuti ya nazi na karameli huku inaitwa Samoas, sehemu nyingine inaitwa Caramel deLites. Sasa sikiliza hii: Little Brownie ilikuwa nyumba moja na Keebler, kampuni ya biskuti za madukani, na Keebler wana biskuti ya minti iitwayo Grasshopper iliyo madukani mwaka mzima. Kampuni ya Ferrero ilipowanunua kutoka kwa Kellogg mwaka 2019 iliwachukua wote wawili pamoja. Yule unayemwita mwigaji na yule unayemwita mwenyewe walikuwa wanakula sahani moja.

Mzee wa Mvita (New Jersey):
Mimi sioni tatizo lililo dukani. Naona tatizo lililo mlangoni. Mtoto wa miaka tisa, baridi yote hiyo, anasimamishwa auze! Nyumbani mtoto akionekana stendi na sinia la karanga twasema mzazi kamtelekeza. Hapa Mzungu akimvisha kizibao chenye beji tunapiga picha na kumwita mjasiriamali. Mtoto aliyelelewa hauzi milangoni pa watu.

Muuza Visheti (Minneapolis):
Mzee wangu, shikamoo. Kisha niruhusu.

Mimi ni wa Tanga. Kuanzia darasa la tatu nilibeba sinia la visheti na kashata, nimejitwika ngata ya khanga ya mama. Nilikuwa nikikaa kwenye geti la sekondari saa ya mapumziko. Mama anahesabu: vipande 60 vinatoka, fedha ya vipande 60 inarudi. Siku moja nilirudi na pungufu ya viwili kwa sababu nilimpa rafiki yangu aliyekuja shule bila kula. Mama hakunipiga. Alivitoa kwenye fungu lake, akaniambia nikitaka kugawa nimwambie kabla. Sinia lile lilinunua sare yangu, lilinunua daftari, lililipa nauli ya kwenda kufanya mtihani. Leo ni muuguzi, naingia zamu saa moja usiku. Mama yangu hakunitelekeza. Asubuhi yote alikuwa jikoni, macho mekundu kwa moshi, ili mimi nipate cha kubeba.

Sasa uniambie, mzee wangu, mtoto aliyelelewa ni yupi.

Mzee wa Mvita:
Marahaba mwanangu. Sikukukusudia wewe wala mamako, Mungu amrehemu kama katangulia.

Muuza Visheti:
Yuko hai. Ana miaka 71.

Mzee wa Mvita:
Mungu amzidishie. Lakini wewe mwenyewe umenipa hoja. Wewe uliuza, pesa ikarudi kwa mamako, ikawa daftari lako. Huyu binti akiuza boksi la dola 6, zinaishia wapi? Nani anaijua hesabu hiyo?

Mhazini wa Kikosi (Minnesota):
Mimi naijua, maana ndiyo ninayoihesabu usiku, meza ya jikoni imejaa maboksi hadi mume wangu hana pa kuweka sahani. Kwetu sisi mwokaji anachukua kama robo. Sehemu kubwa zaidi inakwenda baraza la skauti la eneo: kambi, mafunzo, msaada kwa wasichana wasioweza kulipa. Kikosi kinabaki na dola moja na kidogo kwa boksi. Wasichana wenyewe wanapiga kura itumikeje. Mwaka jana wetu walichagua kambi ya siku mbili ziwani, na sehemu wakawalipia ada wenzao wawili. Na ada ya uanachama inapanda: mwaka 2024 wajumbe wa shirika la taifa walipiga kura itoke dola 25 iende 45, kisha 65. Bila biskuti, wasichana wa familia kama zetu watatoka mmoja mmoja.

Na watu wajue hii kitu haikuanzia kiwandani. Mwaka 1917 kikosi kimoja cha Muskogee, Oklahoma, kilioka nyumbani na kuuza kwenye mkahawa wa sekondari. Mwaka 1922 jarida lao likatoa kanuni ya kupika: siagi, sukari, mayai, unga. Gharama senti 26 hadi 36 kwa dazeni sita au saba, uuze senti 25 hadi 30 kwa dazeni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari ilipoadimika, waliuza kalenda. Tofauti na visheti vya Tanga iko wapi hapo?

Muuza Visheti:
Haipo. Ahsante dada.

Mkata Bei:
Ngoja. Kumbe katika dola 6 zangu kikosi kinapata moja na kidogo? Basi mimi Jumamosi namkuta Salma pale mlangoni, nampa dola mbili taslimu za kikosi, naingia ndani nachukua za duka kwa dola 3. Kikosi kimepata karibu mara mbili, mimi nimebaki na dola nzima. Nani kaonewa hapo?

Mama Salma:
Umemfanya mwanangu ombaomba.

Mkata Bei:
Nimekupigia hesabu tu, dada.

Mama Salma:
Hesabu anajua Salma pia. Mwaka jana alikuwa ananitazama mimi kila mtu akitoa noti ya 20. Jana mzee mmoja kachukua maboksi mawili, katoa 20, na kabla sijafungua mdomo mtoto kashamrudishia 8, noti ya tano na za moja tatu, anazihesabu mkononi mwake kwa sauti. Yule mzee kamwambia "asante, bosi". Njiani kurudi nyumbani kalirudia hilo neno mara ngapi sijui. Ukimpa dola mbili na kumwacha na biskuti zake mezani, umemwambia alichobeba hakina thamani. Hizo mbili zako kaa nazo.

Kijana wa Houston:
Mama Salma yuko sahihi. Hizi za kuigwa ndizo zilizowaua. Mwaka 2021 maboksi milioni 15 hayakuuzwa!

Mhazini wa Kikosi:
Hiyo ilikuwa Korona, mdogo wangu. Vibanda vilifungwa, na mabaraza yalikuwa yameshaagiza. Biskuti za Benton's hazikuhusika. Tusibebeshe watu mzigo usio wao.

Mla Afya (Seattle):
Mnagombania sumu. Za skauti na za duka zote zimejaa mawese, mafuta mabaya kabisa. Tena mwaka 2020 shirika la habari la AP lilichunguza mashamba ya michikichi ya Indonesia na Malaysia, likakuta watoto wanafanya kazi humo, na mafuta hayo yakafuatiliwa hadi kwenye biskuti za maskauti. Skauti mmoja wa Tennessee aligoma kuuza. Mtoto anauza hapa ili mtoto mwingine abebe chikichi kule. Mawese hayafai kuingia nyumbani kwa mtu.

Mwana Kigoma (Buffalo):
Hebu simama hapo hapo. Mambo ya watoto mashambani ni ya kweli na yanauma, nakuunga mkono. Lakini "mawese hayafai kuingia nyumbani kwa mtu" unamwambia nani? Mimi nimekuzwa na mawese. Maharage ya mawese, dagaa wa Ziwa Tanganyika kwa mawese, ugali wa muhogo pembeni. Babu yangu alikufa na miaka zaidi ya 80, meno yote mdomoni. Mafuta mekundu ya kukamuliwa nyumbani, yenye harufu yake, huwezi kuyafananisha na yale meupe yaliyosafishwa kiwandani hadi hayana rangi wala jina. Serikali tangu 2018 imefufua michikichi Kigoma, kituo cha utafiti cha Kihinga kinagawa miche, wewe uko Seattle unasema sumu.

Mla Afya:
Nimesema mafuta yaliyomo kwenye biskuti.

Mwana Kigoma:
Umesema mawese. Soma ulichoandika.

Mama Salma:
Ndugu zangu, naomba turudi kwenye swali. Duka na mlango wake.

Mtu wa Bukavu:
Huyu wa Kigoma anasema kweli. Sisi pia sombe, yaani kisamvu, bila mawese hatuiite sombe.

Niliyetoka Mlangoni:
Mama Salma, nimefungua jina jipya ili niandike hapa. Yule dada wa mfuko ni mimi. Nilimwona Salma akiangalia, nikajifanya natafuta funguo.

Mwezi huu kazini wamenikata saa. Kwenye kadi ya chakula, hii ya EBT, nilikuwa na dola 14 za kufika mwisho wa mwezi, na mkononi sikuwa na taslimu yoyote. Kadi ile inanunua biskuti za ndani. Za mlangoni hainunui, kikosi hakina kibali cha kuipokea, sikulaumu wewe wala wao. Mwanangu wa pili anapenda minti. Alikuwa ameona mabinti wa skauti shuleni kwake wiki nzima wakizitaja, akaniomba. Nikachukua pakiti mbili za duka, nikazimimina kwenye bakuli kabla hajarudi, asione boksi. Alikula akasema ndizo hizo.

Kama ni feki, basi ndizo nilizoziweza.

Mkata Bei:
Mmesikia? Hiki ndicho nilichokuwa nakisema tangu mwanzo.

Muuza Visheti:
Kaka, hapana. Wewe ulikuwa unatetea nepi zako. Mwache dada amalize maneno yake.

Mwana Kigoma:
Mla Afya, bado nakusubiri.

Mama Salma:
Dada, nimesoma mara mbili. Hilo la kadi sikulijua, na neno feki nalifuta hapa mbele ya wote. Nitakupigia leo jioni, mtoto apate boksi lake, na usinibishie.

Lakini swali langu lilikuwa kwa duka, si kwako. Wao wana rafu, wana mlango, na wana mashine ya kupokea kadi. Mwanangu ana meza ya kukunja. Bado sijajibiwa.